Hong Kong, Jogoo na Yai: Kisa cha Chanjo ya Mafua

Ukikutana na maandishi haya, A/Hong Kong/4801/2014 (H3N2), usiyaogope. Ni jina la kirusi tu. A ni kundi lake, Hong Kong ni mahali sampuli ilikotoka, 4801 ni namba ya maabara, na 2014 ni mwaka. H na N ni protini mbili zilizo juu ya kirusi. H inakishikiza kwenye seli zetu, N inakisaidia kutoka humo. Kinga ya mwili inaziangalia hizo, hasa H. Zikibadilika sana, kinga ya zamani haifui dafu.

Hong Kong, jiji la bandari lenye msongamano mkubwa wa watu, limetupa majina mengi ya aina hii. Aprili 1957, Maurice Hilleman, mtaalamu wa virusi katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, alisoma gazetini kwamba watu wapatao 250,000 wa jiji hilo walikuwa wametafuta matibabu. Wakazi wote walikuwa kama milioni 2.5, kwa hiyo ni mtu mmoja kati ya kumi! Akaagiza sampuli kupitia maabara ya jeshi iliyokuwa Japani. Ilimfikia katikati ya Mei.

Sasa alijuaje kwamba kirusi ni kipya? Kipimo chake kinatumika hadi leo. Ukichanganya virusi vya influenza na chembe nyekundu za damu, kwa mfano za kuku, H inazigandisha pamoja. Lakini ukitanguliza majimaji ya damu ya mtu mwenye kingamwili dhidi ya kirusi hicho, kingamwili zinaifunika H, na chembe zinazama chini kama kitone. Hilleman alipima damu za watu wengi, na karibu wote hawakuwa na kinga. Waliokuwa nayo ni wazee wachache tu, wa miaka ya sabini na themanini, ambao walikuwa wameishi kipindi cha mlipuko wa 1889–90. Kirusi hicho tunakiita leo H2N2.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi. Chanjo hukuzwa ndani ya mayai yaliyorutubishwa, na bila jogoo mayai hayo hayapo. Hilleman alikulia shambani Montana akifuga kuku, hivyo alijua kwamba msimu wa kutotoa ukiisha wafugaji huchinja majogoo. Akawaambia watengenezaji wa chanjo wawaonye wafugaji mapema: majogoo wasiguswe! Mwaka huo zilitengenezwa dozi zipatazo milioni 40. Makumi ya maelfu ya Wamarekani walikufa hata hivyo, lakini bila dozi hizo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Julai 1968 jiji lilelile likatoa H3N2. H ilikuwa mpya, N ileile ya 1957, na huenda hiyo ndiyo iliyowapunguzia watu makali. Safari hii chanjo ilichelewa: Marekani ilipata ya kutosha baada ya wimbi kupita kilele. Vizazi vya H3N2 bado tunavyo mpaka leo, vinabadilika kidogo kidogo kila mwaka, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huchagua virusi vya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba.

Turudi kwa 4801. Kilichaguliwa kwa msimu wa 2016–17, kisha 2017–18. Kwenye karatasi kilifanana vizuri na virusi vilivyokuwa mitaani. Lakini msimu wa pili, kinga yake dhidi ya H3N2 nchini Marekani haikufika hata theluthi moja. Kumbe sehemu ya tatizo ilikuwa yai lenyewe! H ya virusi vya mitaani ilikuwa na kipande cha sukari mahali fulani. Kirusi kilipozoezwa kuishi ndani ya yai, kilikipoteza. Mwili ukafundishwa kutambua sura ambayo haikuwepo mtaani.

Yai lililookoa watu 1957 limekuwa kikwazo, na bado chanjo nyingi duniani zinapitia humo, kwa sababu viwanda vipo na gharama ni nafuu. Njia nyingine ni kukuza kirusi kwenye seli za mamalia. Kwa msimu wa 2020–21 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza virusi viwili tofauti vya H3N2: A/Hong Kong/2671/2019 kwa wanaotumia mayai, na A/Hong Kong/45/2019 kwa wasiotumia.