JE, WAJUA? Meno ya kahawia ya Kikatiti sio uchafu!



Mara ya kwanza nilipofika Dar nilipanda daladala, nikacheka kitu fulani, jamaa wa pembeni akaniuliza: "Wewe wa Arusha nini?" Wala hakuwa amesikia lafudhi yangu. Kaona meno tu! Sisi wa Kikatiti, Maji ya Chai, Ngurdoto na Engare Nanyuki hatuhitaji kitambulisho, ukifungua mdomo umejulikana. Tatizo ni kwamba wengi wanadhani hatupigi mswaki, na wapo dada zetu wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo leo nawaletea mambo ya ajabu kuhusu jino, ambayo mimi mwenyewe ningependa niambiwe zamani.

Kwanza, chanzo. Ni madini ya floraidi yaliyomo kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru. Maji yakipita humo yanashuka nayo mpaka kwenye mito, chemchemi na visima. Haina rangi, ladha wala harufu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 8 kwenye maji ya vijijini. Sasa sikia: utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta miligramu 21 mpaka 26 kwenye mto Engare Nanyuki, na mpaka 690 kwenye maziwa ya Momella!

1. JINO LINAHARIBIKA KABLA HALIJAOTA. Enameli, yaani lile ganda gumu la nje, linajengwa jino likiwa bado limejificha ndani ya taya. Floraidi ikizidi inavuruga ujenzi, ganda linabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linachomoza likiwa jeupe kama chaki, halafu taratibu linafyonza rangi na kuwa kahawia.

2. ENAMELI NI NGUMU KULIKO KITU CHOCHOTE MWILINI, LAKINI HAINA UHAI. Seli zilizoijenga zinakufa jino linapochomoza. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inapona, ila enameli ikiondoka imeondoka. Kwa hiyo wewe unayesugua meno kwa mchanga au mkaa, acha bana! Hutoi uchafu, unalila ganda lenyewe.

3. MTU MZIMA AKIHAMIA HUKU, MENO YAKE HAYABADILIKI. Mwalimu akitoka Mwanza na meno meupe anaweza kukaa hapa miaka 20 na akastaafu nayo vilevile. Watoto wake waliozaliwa hapa ndio watakuwa na meno kama yangu. Lakini asijisifu sana, maana mfupa unajijenga upya maisha yote na unaendelea kupokea floraidi. Ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, viungo vinakakamaa na kuuma, na watoto wengine miguu inapinda.

4. MENO NI KALENDA. Meno ya mbele yanakamilisha ganda lake mapema kuliko baadhi ya meno ya nyuma. Mtoto aliyehamia hapa akiwa na miaka mitano anaweza kuwa na meno meupe mbele na ya kahawia nyuma. Ya utotoni nayo mara nyingi yana nafuu, kwa sababu sehemu kubwa hujengwa mtoto akiwa tumboni. Ndio maana mama anafurahia meno ya mwanae mpaka anapofika darasa la kwanza, halafu mambo yanabadilika.

5. ZIWA LA MAMA LINACHUJA. Hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, inayopita kwenye maziwa yake ni kidogo sana. Mtihani unaanza siku mtoto anapoanza uji.

6. FLORAIDI HIYOHIYO IPO KWENYE DAWA YA MENO. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alikuta watu wa Colorado Springs, Marekani, wana meno kama yetu. Chanzo kilijulikana mwaka 1931. Kilichowashangaza ni kwamba meno yale yalikuwa hayatoboki ovyo. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuongeza floraidi kidogo kwenye maji ya bomba. Wenzetu wanaongeza, sisi tunatafuta pa kuipeleka! Kidogo inalinda, nyingi inaharibu.

7. MFUPA WA NG'OMBE UNAWEZA KUOKOA WA MTOTO. Kwa vile mfupa unapenda floraidi, ukichomwa bila hewa nyingi unakuwa mkaa unaoinasa kwenye maji. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mkaa huo ukishashiba lazima ubadilishwe, la sivyo unajidanganya.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Mimi na wewe yetu yameshapita, labda daktari wa meno ayafunike. Lakini mdogo wako au mwanao ambaye hajafika miaka minane bado anajengewa meno leo hii. Kuchemsha maji kunaua vijidudu tu, floraidi inabaki, tena inakolea maji yanapopungua. Magadi ya kwenye makande nayo yanaongeza. Maji ya mvua karibu hayana kabisa, hivyo kama nyumba ina bati, mwaga yale ya mwanzo yanayosafisha paa, kisha kinga. Yasipotosha familia nzima, yawe ya kunywa na ya uji wa mtoto. Na dawa ya meno kwa aliye chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele tu.

Na wewe dada unayefunika mdomo: toa mkono, cheka. Hayo ni maji ya Meru, sio uvivu wa mswaki.

Naomba kuwasilisha. Wa Usa, King'ori na Leguruki, kwenu mnakunywa maji gani? Tuambieni.