Mapambo ya mwilini ya Ushetu na ukanda wa dhahabu

Haya ni mapambo yanayotengenezwa kwa mkono, yaani vikuku, bangili, udodi, njuga, shanga na visahani vya kombe, miongoni mwa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma wa Ushetu na majirani zao wa Geita. Ushetu ni halmashauri katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, na makao yake makuu yako Nyamilangano. Zamani palikuwa na utemi wenye jina hilohilo. Leo eneo hili husifika kwa tumbaku kuliko kwa ufundi wa aina yoyote, na mafundi wake wameandikwa kidogo mno kulinganisha na wachimbaji wa jirani.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba watu hawa, walioishi juu ya miamba yenye dhahabu, hawakujipamba kwa dhahabu. Msingi wa urembo wao ulikuwa waya: shaba nyekundu kutoka Katanga, shaba ya njano kutoka pwani, na chuma kilichoyeyushwa hapahapa.

Uzi wa shaba na udodi

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mashuhuri kuliko wote ni Msiri, Msumbwa mwana wa Kalasa, ambaye baba yake alikuwa mchuuzi wa shaba kabla yake. Msiri alihamia huko miaka ya 1850, akajenga mji mkuu wake Bunkeya na kutawala nchi ya Garanganze hadi tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na Bodson, ofisa katika msafara ulioongozwa na Stairs na kutumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wafuasi wake waliitwa Wayeke, na uzao wao upo Bunkeya mpaka sasa. Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, alitoka katika ukoo huo. Historia huwakumbuka Wayeke kwa vita na pembe. Ingefaa wakumbukwe pia kwa waya, maana walikuwa mafundi hodari wa kuuvuta.

Kazi yenyewe huanza na kipande cha shaba kinachofuliwa juu ya fuawe mpaka kiwe ufito mrefu. Ncha yake huchongwa, hupakwa mafuta, kisha hupenyezwa katika tundu la chamburo, bamba la chuma lililofungwa imara kwenye gogo au mti. Fundi huikamata ncha kwa koleo na kuvuta, na waya ukiwa mnene huhitaji watu kadhaa. Ukishapita tundu la kwanza huhamishiwa tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi tena. Shaba ikivutwa hukakamaa na ikilazimishwa hukatika, kwa hiyo baada ya matundu machache hurudishwa motoni ipate kulainika. Fundi asiye na subira na moto huishia na vipande. Waya ulioachwa mnene ndio masango, nao uliuzwa kwa mafungu. Ule mwembamba kama uzi ndio unyerere, na kwa huo hutengenezwa udodi.

Udodi huhitaji kiini. Fundi huchukua singa za mkia wa ng'ombe, au za twiga na tembo zilipopatikana, akazikusanya ziwe kitita chembamba, kisha akazungushia unyerere pindi kwa pindi, kila pindi likigusa lenzake bila kuachia nafasi wala kupandana. Kwa kuwa ndani kuna nywele, pete hiyo hupindika bila kuvunjika na haichubui ngozi. Wanawake walizivaa kwa wingi vifundoni, zikipandana kuelekea shavu la mguu. Wasafiri Burton na Speke, waliokaa Kaze, karibu na Tabora ya leo, kuanzia Novemba 1857, waliziandika kwa jina la sambo.

Tofauti na udodi ni kitindi, waya mnene wa shaba ya njano uliosokotwa kama chemchemi kuanzia kiwiko cha mkono hadi karibu na kifundo cha mkono. Malighafi ya vitindi iliingia kwa meli Unguja na kupandishwa bara na wapagazi. Stanley, alipofungasha mizigo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alichukua ratili 350 za waya wa shaba ya njano, na katika kitabu chake cha 1872 anaeleza kwamba ng'ambo ya Tanganyika shanga zilihesabiwa kama sarafu za shaba, nguo kama fedha, na waya kama dhahabu. Kwa msomaji wa Geita ulinganisho huo una utani wake.

Warongo na njuga

Chuma kilikuwa mikononi mwa Warongo wa Geita na Uzinza. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyewachunguza, anawaeleza kuwa chama cha kazi zaidi ya kabila: mtu aliingizwa kwa miiko na mafunzo, si kwa kuzaliwa tu. Jembe ndilo lililowapa utajiri. Pembeni yake walifua vikuku vya chuma na njuga, yaani vikombe vya bati la chuma vilivyokunjwa na kutiwa punje ndani, ambavyo wachezaji wa ngoma hufunga miguuni. Mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili makuu ya ngoma Usukumani, yameiweka kazi hii hai kuliko mapambo mengine yote.

Kibangwa

Hiki ni kisahani cheupe kinachokatwa kitakoni mwa kombe la Bahari ya Hindi, chenye mzunguko kama wa konokono. Kilivaliwa shingoni au kwenye paji la uso na watemi, na pia na waganga. Thamani yake iliongezeka kadiri kilivyokwenda mbali na bahari. Livingstone, akiwa nchi ya Walunda mwaka 1854, aliambiwa kwamba visahani viwili vilitosha kununua mtumwa. Baadaye viwanda vya Ulaya vilitengeneza vya kauri, vikashusha bei.

Shanga

Shanga za kioo zilitoka hasa Venice. Burton alihesabu aina zipatazo 400 katika biashara ya Unguja, na akaandika majina ya ile nyekundu iliyopendwa bara: samesame, na kimara-pamba kwa sababu ilimaliza chakula cha nyumba. Bei ya chakula njiani ilitegemea rangi inayopendwa msimu huo, na msafara uliobeba rangi iliyopitwa na wakati ulilala njaa. Shanga nyeupe na za buluu huvaliwa pia kwa ajili ya mizimu, kwa maelekezo ya mganga.

Dhahabu na masonara

Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Wimbi jipya lilikuja na Mgodi wa Dhahabu wa Geita (2000), Bulyanhulu (2001) na Buzwagi (2009), huu wa mwisho ukikoma uzalishaji mwaka 2021. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo huondoka kama mikuo.

Ufundi wa sonara uliingia bara kutoka pwani na India, na jina lenyewe lina asili ya Kihindi. Sonara hununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambayo hunaswa kwa zebaki na kuchomwa, huyeyusha, huondoa uchafu, kisha huchanganya na fedha au shaba kwa kuwa dhahabu tupu ya karati 24 ni laini mno. Karati 18 ina robo tatu ya dhahabu. Vyombo vyake, chamburo, koleo, nyundo, tupa na lehemu, vingi angevitambua mvuta waya wa Kiyeke. Moshi wa zebaki ndio ubaya mkubwa wa mnyororo huu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Soko la madini la Geita, ambako dhahabu ya wachimbaji wadogo huuzwa, lilifunguliwa Machi 2019.

Almasi ya Mwadui

Dhahabu si madini pekee ya urembo ya ukanda huu: mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Jiwe la waridi la karati 54.5, lililopatikana 1947, lilizawadiwa Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza, likakatwa kufikia karati 23.6 na kupachikwa katika bruchi.

Hali ya sasa

Makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, yana mapambo ya watemi. Utemi ulifutwa 1963. Anayetaka mafunzo rasmi ya kukata vito na usonara huenda Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha. Vikuku vya shaba bado huvaliwa. Udodi wa singa za tembo au twiga ni habari nyingine: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, singa hizo ni nyara za serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa.