Samaki Wenye Mikono



Sisi tunaoishi Villawood tunaijua historia ya mtaa wetu. Hosteli ya wahamiaji ilifunguliwa hapa mwaka 1949, na wageni hawajaacha kuja. Safari hii tuwaeleze habari za wenyeji wasiohama kabisa.

Ni samaki wadogo wa sakafu ya bahari, wengi hawazidi urefu wa kiganja. Badala ya kuogelea, hutembea mchangani kwa mapezi yaliyo kama mikono. Aina zao ni kama 14, zote za Australia, nyingi za Tasmania. Visukuku vya jamaa zao vimepatikana Italia, kwa hiyo zamani ukoo huu ulienea mbali.

Mwaka 1802 Mfaransa François Péron, aliyekuja na msafara wa Baudin, alimchukua mmoja huko Tasmania. Amehifadhiwa Paris hadi leo, na hakuna mwingine wa aina yake aliyepatikana tena. Mwaka 2020 aina hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka. Mwaka 2021 tangazo likaondolewa, kwa hoja kwamba bahari haijatafutwa vya kutosha.

Aliyewamaliza ni nani? Si mlaji, maana hakuna aliyewavua kwa kitoweo. Kilichoharibiwa ni makao yao. Wavuvi wa kombe walikokota vyuma sakafuni. Kisha, katika miaka ya 1980, akaingia kiti cha pweza wa Pasifiki ya Kaskazini, anayedhaniwa kuletwa na maji ya farumi ya meli. Huyu hula viumbe wenye shina ambao samaki hawa huwatumia kutagia. Mama hulinda mayai wiki saba au nane, na watoto huanguliwa wakiwa tayari wanatembea, wakabaki palepale. Shina likiliwa, uzazi umekatika.

Wataalamu wa Hobart wamesimika vijiti, kwanza vya plastiki, baadaye vya kauri, kwenye mlango wa mto Derwent. Samaki wenye madoa wametaga juu yake. Sisi wahandisi tumezoea mitambo mikubwa, lakini hapa kijiti kimetosha.

Nasi tumeona nyumba nyingi hapa mtaani ambamo Kiswahili hakikukatazwa na mtu yeyote, ila kilikosa pa kushika, kikanyamaza kwa watoto. Nacho kinataka kijiti: hadithi kabla ya kulala, bibi kwenye simu kila Jumamosi. Tukisimike kungali na mapema.