Pembetatu mraba: kutafuta upande usiojulikana

Pembetatu mraba ni pembetatu yenye pembe moja ya nyuzi 90. Kwa Kanuni ya Pythagoras, kipeo cha pili cha upande mrefu, unaotazamana na pembe hiyo, ni sawa na jumla ya vipeo vya pili vya pande mbili fupi. Wababeli waliitumia zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras (karne ya 6 KK).

Kanuni hii husaidia katika ujenzi wa nyumba. Paa la bati lina mteremko, hivyo fundi huhitaji kimo chake. Mbao ya mteremko ikiwa mita 3.9 na nusu ya upana wa nyumba mita 3.6, kipeo cha pili cha kimo ni:

3.9² − 3.6² = 15.21 − 12.96 = 2.25

Kipeuo cha pili cha 2.25 ni 1.5, kimo ni mita 1.5.

Kwenye msingi, mwashi hupima kutoka kwenye kona mita 3 kwenye uzi mmoja na mita 4 kwenye wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa mita 5 kamili, kona ni mraba.