Historia ya Kupima Maisha ya Wazee Wenye Dimensia

Dimensia, hali inayompokonya mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitunza, ilichunguzwa kwanza kama kasoro ya ubongo. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumfuatilia Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akipotewa na kumbukumbu. Deter alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini na kukuta mabaka pamoja na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Kwa kuwa Deter hakuwa mzee, ulihesabiwa kuwa maradhi ya watu wa makamo. Kusahau kwa wazee kulichukuliwa kuwa uzee tu.

Dhana hiyo ilitikisika mwaka 1968. Huko Newcastle, Uingereza, Blessed, Tomlinson na Roth walionyesha kwamba kadiri akili ya mzee ilivyodhoofika kabla ya kufa, ndivyo mabaka yalivyozidi ubongoni mwake. Vikafuata vipimo vya kukua kwa ugonjwa: jaribio la alama 30 la Folstein na wenzake, mwaka 1975, na ngazi saba za Barry Reisberg, mwaka 1982. Vipimo hivyo vilieleza mzee amepoteza nini, lakini havikugusa namna anavyoishi.

Swali la namna mzee anavyoishi lilizuka katika makao ya wazee. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 ilizuia kuwafunga wakazi au kuwalewesha kwa dawa ili kuwarahisishia wahudumu kazi, na ikaagiza kila mkazi atathminiwe. Uingereza, Tom Kitwood wa Bradford alidai kuwa mzee hudhoofishwa pia na anavyotendewa: kuharakishwa, kudanganywa, kusemeshwa kama mtoto au kupuuzwa. Katika mbinu aliyoiunda pamoja na Kathleen Bredin, mtazamaji huketi ukumbini kwa saa kadhaa na kuandika kila baada ya dakika tano mzee anafanya nini na ana hali gani.

Huko Philadelphia, M. Powell Lawton na wenzake walisoma furaha, hasira, wasiwasi na huzuni usoni mwa wazee wasioweza tena kujieleza. Mwaka 1999 Rebecca Logsdon na wenzake walitoa hojaji ya vipengele 13 kuhusu ubora wa maisha, inayojibiwa na mgonjwa mwenyewe na mtunzaji wake. Kwa kawaida mgonjwa huyapa maisha yake alama za juu kuliko anazopewa na mtunzaji.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba ubora wa maisha haushuki sambamba na kumbukumbu. Sonona huuathiri zaidi, nayo inaweza kutibiwa hata pale ambapo kumbukumbu hairudi. Kwa hiyo utafiti katika makao ya wazee siku hizi hupima mambo mawili kando kando: ugonjwa umefika wapi, na mzee anaishije.