Kioo Kilichogeuka Mlango wa Kuzimu

Mikono yenye glavu za mpira inanyooshwa kuelekea kioo. Vidole vinagusa, vinazama, kioo kinavimeza. Hakikuwa kioo. Ilikuwa zebaki iliyojazwa kwenye beseni. Maji yangefanya viwimbi na kuonyesha vidole vilivyo chini yake, lakini zebaki huficha kilichozama na kubakiza taswira peke yake.

Hiyo ni Orphée, filamu ya mshairi wa Kifaransa Jean Cocteau, iliyotoka mwaka 1950. Kisa chenyewe ni cha Wagiriki wa kale: Orpheus, mpiga kinubi hodari, alifiwa na mkewe Eurydice, akamfuata kuzimu. Alipewa ruhusa ya kurudi naye, mradi asigeuke kumtazama njiani. Akageuka.

Cocteau aliishi na kisa hicho miaka mingi. Mwaka 1926 alikitungia mchezo wa jukwaani, na katika filamu yake ya kwanza, Le Sang d'un poète, alimpitisha mshairi ndani ya kioo. André Breton, kinara wa wasurialisti, wasanii wa ndoto, hakumpenda hata kidogo. Hata hivyo, ndoto zao na zake zilichotwa kisima kimoja.

Ila ndoto ya mwaka 1950 ilikuwa na makovu ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuzimu ni magofu ya chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, kilichobomolewa kwa mabomu. Redio ya gari inatamka maneno yasiyo na kichwa wala mkia, kama ujumbe wa mafumbo ambao BBC iliwatangazia wapiganaji wa siri wa Ufaransa. Watazamaji wa Paris hawakuhitaji kufafanuliwa.

Sharti la kutomtazama mke nalo limeletwa nyumbani. Mume na mke wanakwepana macho chini ya paa moja, hadi siku mume anapomwona mkewe katika kioo kidogo cha gari, na mke anatoweka. Kioo tena!

Lakini kinachonigusa zaidi ni Mauti. Cocteau alimfanya binti mfalme, akampa María Casares sehemu hiyo, na Mauti huyo akampenda Orphée, aliyeigizwa na Jean Marais. Wagiriki hawakulisimulia penzi hilo. Ili Orphée aishi, Mauti anavunja sheria za kwao na kumrudisha duniani pamoja na mkewe, bila kumbukumbu yoyote. Orphée yuko tena nyumbani akiwa na furaha. Mauti anatembea magofuni kwenda kuadhibiwa, wala hageuki.