Petroli au Haibridi? Historia Fupi Kabla ya Kununua Gari Dogo

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuongee magari.

Dada yangu ni muuguzi. Anaishi hapa Nakuru na anafanya kazi Molo, na kila siku ya kazi hudamka alfajiri kutafuta matatu. Tumeweka akiba kwenye sacco kwa miaka mitatu, na sasa pesa zinatosha gari moja dogo la mtumba kutoka Japani. Swali lililobaki: tuchukue la petroli tupu, au ndugu yake wa haibridi, yaani gari mseto lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme? Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni karo ya watoto wake. Mimi ni mtu wa programu, si fundi, kwa hiyo nilianza kwa kusoma haya mambo yalianzia wapi.

Wazo lenyewe ni la kale

Wengi tunadhani haibridi ni kitu cha juzi. La hasha. Mwaka 1900, mwaka ule ule reli ya Uganda ilipofika Nakuru, Ferdinand Porsche alikuwa Vienna akiunda gari ambalo injini zake za petroli zilizungusha dainamo, na mota zilizokuwa ndani ya magurudumu zikalisukuma. Lilitembea, lakini betri za risasi zilikuwa nzito mno, na petroli ilikuwa rahisi. Wazo likalala.

Lakini kwenye reli halikulala. Kuanzia 1960 Reli ya Afrika Mashariki ilianza kutumia vichwa vya treni vya dizeli-umeme: dizeli inazungusha jenereta, mota za umeme zinavuta mabehewa. Kwa hiyo mzee wa Nakuru aliyesikia treni ikipanda kwenda Mau Summit na Timboroa alikuwa akisikia binamu wa haibridi, miongo kadhaa kabla ya Prius.

Prius yenyewe ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, mwezi ule ule mkutano wa tabianchi ulipofanyika Kyoto. Kilichobadilika ni betri za nikeli, na kompyuta zenye kasi ya kuamua kila dakika ni mota au injini ifanye kazi. Vitz ikatoka 1999 na Honda Fit 2001, zote za petroli, na baadaye zikajaa kwenye barabara zetu. Teknolojia ya Prius iliteremka hadi kwenye magari madogo: Fit ya haibridi mwaka 2010, Toyota Aqua Desemba 2011, na Vitz yenyewe ikapata haibridi Januari 2017.

Historia inafika Mombasa ikiwa imechelewa

Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwa sababu ya bei wengi tunanunua yaliyokaribia kikomo hicho. Maana yake ni kwamba uamuzi wa mnunuzi wa Yokohama unakuwa uamuzi wetu baada ya miaka saba hivi. Ubaya ni kwamba betri tunayonunua imeshazeeka. Uzuri ni kwamba makosa ya watengenezaji yameshajulikana. Mfano: Fit ya haibridi iliyotoka Septemba 2013 iliitwa irudi kwa marekebisho mara kadhaa ndani ya takriban mwaka mmoja, mara nyingi kwa sababu ya programu inayoendesha giaboksi yake. Oktoba 2014 wakuu wa Honda walikatwa sehemu ya mishahara. Sisi waandishi wa programu tuisome habari hiyo mara mbili! Ukitaka gari la kizazi hicho, hakikisha marekebisho hayo yalifanywa.

Mlima unasema nini

Takwimu za Japani hazikupimwa Molo. Aqua ilipotoka ilitangazwa kwenda kilomita 35.4 kwa lita. Hicho ni kipimo cha maabara, usikitarajie barabarani.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo karibu mita 2,500. Hewa ya Nakuru ina msukumo wa karibu asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa, na injini ya kawaida isiyo na taboo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Vitz ya lita moja yenye nguvu za farasi kama 70 inabaki na 56 hivi kabla hujapakia mtu. Mota ya umeme haipumui hewa, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii kitu. Hii ni faida ambayo matangazo ya Japani hayakuwa na sababu ya kuitaja.

Kuteremka nako kuna hesabu yake. Sachangwan na Salgaa tunazijua kwa malori yaliyokosa breki. Haibridi hugeuza mwendo wa kuteremka kuwa umeme na kupumzisha breki. Lakini tupige hesabu: gari la kilo 1,200 likishuka mita 650 linaachilia takriban kilowati-saa 2.1. Betri ya Aqua nzima haifiki kilowati-saa moja. Hata ukitoa kinachopotelea kwenye upepo na matairi, betri inaweza kujaa kabla hujafika chini, na kuanzia hapo unategemea injini na breki kama kila mtu. Kuna alama ya B kwenye gia. Itumie kwenye mteremko mrefu.

Sasa shilingi

Chukulia gari la petroli linakwenda kilomita 14 kwa lita na haibridi 20, lita ni shilingi 180, na haibridi imezidi bei kwa shilingi 250,000. Kila kilomita inaokoa takriban shilingi 3.86, kwa hiyo pesa zinarudi baada ya kilomita 64,800 hivi.

- Dada anakwenda kama kilomita 90 kwa siku, siku 20 kwa mwezi: miaka 3.
- Mtu wa Section 58 anayefanya kazi mjini, kilomita 600 kwa mwezi: miaka 9.
- Dada tena, tukiongeza shilingi 100,000 za betri nyingine: miaka 4 na kidogo.

Mafuta yakipanda, muda unapungua. Tukumbuke Oktoba 2023, EPRA ilipotangaza petroli shilingi 217.36 kwa lita jijini Nairobi.

Kwa hiyo dada tumemchagulia haibridi, kwa masharti matatu. Kwanza, betri isomwe kwa kompyuta, kila kipande na volti zake, kabla ya kulipa. Kipande kimoja kikiwa dhaifu kuliko wenzake, tunarudi kwenye petroli bila kujuta. Pili, tundu la kupoza betri lililo karibu na kiti cha nyuma lisafishwe mara kwa mara, maana vumbi letu halina huruma. Tatu, nyaya za rangi ya machungwa haziguswi na fundi asiyesomea umeme huo. Zinaua.

Na wewe wa kilomita 600 kwa mwezi, nunua petroli, na tofauti ya bei irudishe kwenye sacco. Haibridi ni hesabu ya njia unayopita kila siku. Pima yako kwanza, ndipo uende yadi.

Haya, tukutane wiki ijayo.